Mng'aro wa Chini ya Maji

Mwenye gari huliosha ili watu walione. Mwenye boti huing'arisha propela ili ikakae chini ya maji, itazamwe na changu na pweza. Ukilifikiria jambo hilo kwa utulivu hutalifanya, ndiyo maana wenye boti hawalifikirii.

Mjomba wangu ana boti ya mashine pale Mtwapa, ya kuwapeleka wageni kuvua. Propela yake ya zamani ilikuwa ya aluminiamu. Ilipiga mwamba mmoja tu, ikajikunja kama sikio la mbuzi. Akanunua ya stenlesi, iliyo ngumu zaidi, na bei yake akatuficha sote, hasa mkewe. Boti ikakaa nangani msimu mzima bila wageni, na propela ikaota vijikombe vya chokaa vyenye kingo za kukata vidole.

"Mpwa wangu," akaniambia, "kuna kazi ndogo."

Tulingoja bamvua, maji yakatoka, boti ikalala matopeni. Kuichomoa propela si kazi: unatoa spliti pini, unafungua nati na washa, unavuta. Kazi ni washauri. Pwani ukishika spana tu, watu huota mchangani. Spliti pini ilipodondoka matopeni, mjomba akawaahidi watoto shilingi ishirini kwa atakayeipata. Zikaletwa tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa yetu. Alipokwisha kulipa, fundi akakohoa: "Mzee, ile ikishatolewa hairudishwi. Huwekwa mpya."

Nyuma ya propela tukakuta mshipi wa kuvulia umejisokota kwenye shafti. Ukiachwa hapo, hukata sili na maji yakaingia kwenye gia. Mjomba akamshukuru Mungu. Mvuvi mmoja akadai mshipi ni wake.

Kisha ukaja mjadala wa dawa. Muuza kahawa akapendekeza dawa ya choo, kwa hoja kwamba nyumbani kwake inafanya maajabu. Kweli asidi yake hula chokaa, lakini haiishii kwenye chokaa. Stenlesi nayo huitoboa vishimo. Mwingine akaja na stiliwaya ya kusugulia sufuria. Fundi akaikamata hewani: huacha chembe za chuma, chembe zikashika kutu, na wewe ukabaki kuilaumu propela isiyo na kosa. Yeye alitaka siki, ndimu na subira. Siki na ndimu zikapatikana jikoni kwa mke wa mjomba, siku ya Ijumaa, biriani ikiwa motoni. Subira haikupatikana popote.

Stenlesi ina kromiamu, asilimia 10.5 au zaidi, ambayo ikipata hewa hujifunika ngozi nyembamba isiyoonekana, na ngozi hiyo ndiyo huzuia kutu. Harry Brearley aligundua chuma cha namna hiyo kule Sheffield mwaka 1913, akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Mitutu haioti vijikombe. Chini ya kijikombe hewa haifiki, ngozi ile hufa, na chumvi huanza kuchimba. Kwa hiyo kukwangua ni lazima. Kung'arisha, kwa boti ndogo kama ile, ni mapenzi ya mwenyewe.

Na mjomba alikuwa na mapenzi. Tukapiga msasa wa maji namba 220, kisha 400, kisha 600, tukikwepa kingo za mapanga, maana ukila upande mmoja kuliko mwingine mashine nzima hutetemeka. Ndipo ikaja drili yenye gurudumu la mkonge, lile zao ambalo Richard Hindorf alilileta Tanga mwaka 1893, bila shaka kwa nia njema.

Sheria ya kwanza ya mashine inayozunguka ni kutovaa nguo inayoning'inia. Kikoi ni nguo ambayo kazi yake yote ni kuning'inia. Mjomba aliinama kukagua, gurudumu likashika pindo, na kabla fundi hajachomoa waya, nusu ya ufuo ilikuwa imejua kwamba mjomba huvaa kaptura ya timu ya Arsenal.

Jioni propela iling'aa hata nzi wakateleza. Mjomba akaipeleka barazani, majirani wakapita kuitazama. Mkewe akatoka, akaiinamia, akarekebisha mtandio wake ndani ya panga moja.

"Nzuri. Bei gani hii?"

"Hii?" mjomba akasema. "Aluminiamu tu."

"Nimepikia sufuria za aluminiamu tangu unioe," akasema. "Hakuna hata moja iliyowahi kunionyesha kope zangu."

Wiki iliyofuata cherehani mpya ya umeme ikaingia nyumbani. Bei yake nayo hakuna aliyethubutu kuiuliza.