Zako Ziache Kwanza

Jana asubuhi nilimweleza bosi wangu malengo yangu ya kazi, yote, kuanzia uandamizi hadi ukuu wa kitengo, naye akanisikiliza kwa utulivu wa shehe aliyeletewa ndoa inayovunjika. Nilipomaliza, alifuta vidole kwenye gazeti lililofungia chapati yake, akasogeza kompyuta upande wangu, akasema, "Vizuri sana, kijana wangu. Sasa hebu nitazamie, hii nywila inanikataa tangu juzi."

Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga. Sikulalamika, maana mlalamikaji huambiwa ana mdomo. Sikutaja mshahara, maana anayetaja mshahara huambiwa ana tamaa. Nilisema niko tayari kubeba majukumu makubwa zaidi. Hapo kwenye majukumu makubwa mzee aliacha kutafuna, nikadhani nimemgusa. Kumbe ndipo alipokumbuka nywila.

Kwa asiyeujua utumishi wa umma wa Tanzania, ngazi yenyewe imepangika vizuri ajabu. Mwenye shahada huanzia TGS D, Afisa Daraja la II. Miaka mitatu ikipita salama anaitazamia TGS E, Daraja la I. Kisha TGS F, na hapo jina linaongezewa "Mwandamizi", cheo ambacho hata mama mkwe hukisikiliza. Lakini huwezi kupanda bila kupimwa. Zamani ulipimwa kwa siri: bosi anajaza fomu, anafunga bahasha, inakwenda masijala ya siri, wewe unabaki kuusoma uso wake. Mwaka 2004 ikaja OPRAS, fomu ya wazi, mtumishi na msimamizi wake wakae pamoja wakubaliane malengo ya mwaka. Kwetu tulikuwa tunakaa mwezi Juni, tunakubaliana malengo ya Julai iliyopita, na yote tunayakuta yameshatimia.

Tangu mwaka wa fedha 2023/24 kuna PEPMIS, ya mtandaoni, na hii naipenda kwa dhati. Unachukua jukumu kuu, unalikatakata vipande, kila kipande na tarehe yake ya kuanza na ya kumaliza. Unamtumia msimamizi, anaidhinisha. Unatekeleza, unamtumia tena, anathibitisha na kukupa alama. Mwisho wa mwaka kila ulichofanya kipo, hata lile dokezo uliloandika siku ya mafuriko ukiwa peke yako ofisini. Naweza kukaa saa nzima nikivitazama vipande vyangu. Tatizo liko mahali pamoja tu: kila kitu kinasubiri kidole cha msimamizi. Asipobonyeza, wewe hukufanya kitu.

Basi nikamsaidia kuweka nywila mpya, tukaingia. Majukumu yanayosubiri idhini yalijaza kurasa kwa kurasa. "Bonyeza tu," mzee akasema, "watu wasije wakanilaumu." Nikabonyeza. Nikamwidhinishia dada wa mapokezi. Nikamwidhinishia dereva. Nikamwidhinishia yule jamaa wa dirishani ambaye kazini huja koti lake tu, likakaa kwenye kiti mpaka jioni. Alama alizitaja mzee mwenyewe huku akichokonoa meno: "Huyo mpe za kutosha. Huyo ni mtu wa watu, mwongezee." Likaja jina langu. Mshale ulikuwa tayari juu ya kitufe aliponishika mkono.

"Zako ziache kwanza. Isije ikaonekana umejipa mwenyewe."

Kwa upande wa utawala bora, alikuwa sahihi kabisa.

Mchana afisa utumishi aliniambia ikama ya mwaka huu, yaani nafasi zilizoidhinishwa, imejaa. Jioni mzee akanipa majukumu makubwa zaidi: uhazini wa kamati ya harusi ya binti yake.

Hayo nayacheka. Lililo nyuma yake halichekeshi. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha upandishaji vyeo ili ihakiki watumishi hewa na vyeti vya kughushi. Mwaka 2017 wakatajwa zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi. Mwenye cheti halali, ambaye hakumwibia mtu, naye alisubiri palepale alipokutwa. Foleni iliposogea tena, wapo waliopandishwa kwa mserereko kufidia daraja lililowapita, na wapo ambao mserereko uliwakuta wameshastaafu. Na pensheni hukokotolewa kwa wastani wa mishahara bora ya miaka 3 ndani ya miaka 10 ya mwisho. Kwa hiyo daraja lililocheleweshwa haliishii ofisini. Linakufuata hadi kijijini, linakupunja kila mwezi, mpaka siku unazikwa. Mvumilivu hula mbivu, tunaambiwa. Kwenye hesabu za pensheni sijaona safu ya uvumilivu.

Ndiyo maana hizi semina za kumfundisha mtumishi ajieleze mbele ya bosi zinaniudhi. Wa chini anafundishwa namna ya kuomba. Wa juu hafundishwi kubonyeza. Mwezeshaji wa semina ya mwisho alituambia siri ya kupanda ni kuthubutu kusema unachotaka. Yeye alithubutu: kabla ya chai ya saa kumi alisema anataka posho yake, na akalipwa.