Shamba Lako, Kulungu wa Wenyewe

Kwanza nunua shamba katika jimbo la Iowa, Marekani, lakini usihamie. Baki Chicago, katika jimbo la jirani, na kazi yako, huku ukimiliki ekari za mahindi, kipande cha msitu kando ya mto na hati yenye jina lako. Hati hiyo ifungie kabatini, kwa kulungu haina kazi. Marekani ilimkataa mfalme wa Uingereza na kulungu wake, ikasema mnyamapori ni wa umma na mwangalizi wake ni jimbo. Mahindi aliyoyatafuna kulungu usiku kucha ni yako. Kulungu mwenyewe si wako.

Kisha ingia kwenye droo, yaani bahati nasibu ya leseni. Fomu zikifunguliwa Mei, omba leseni ya kupiga dume pamoja na wageni wengine wote wa nje ya jimbo. Leseni hizo ni 6,000 kwa jimbo zima, na kumiliki ardhi hakukusogezi mbele hata hatua moja. Ukikosa, nunua pointi ya kukusaidia mwakani. Kusini, kwenye madume ya pembe za kutisha, pointi hukusanywa kwa miaka.

Wakati unasubiri, mpangaji anayelima shamba lako hana haja ya droo. Yeye ni mkazi na ndiye mwenye jembe, hivyo hupewa leseni ya kuwinda humo humo kwa dola chache. Desemba atakupigia simu akisifia pembe. Mpongeze. Usimuulize alivizia wapi, maana ni kwenye jukwaa ulilolijenga kwa mikono yako.

Njia za mkato zipo. Mgeni wa Waswahili hupewa jembe siku ya tatu. Iowa hungoja akae siku 90 mfululizo, na hata hapo itamuuliza anapigia kura wapi na leseni yake ya udereva ni ya jimbo gani. Nyumba ya wikiendi yenye friji la bia haitoshi. Au uwe mtu mashuhuri: sheria imetenga leseni chache za pekee kwa wageni wa heshima watakaolitangaza jimbo. Anza kujifunza gitaa.

Kortini usiende. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Baldwin, iliiruhusu Montana kumtoza mgeni dola 225 kwa leseni ambayo mkazi aliipata kwa dola 30, kwa kuwa kuwinda elki ni burudani, si haki ya msingi. Mwaka 2005 Bunge la Congress likapiga kufuli la pili, kwa sheria inayoruhusu majimbo kuwatofautisha wakazi na wageni katika uwindaji. Na wenyeji, tuseme kweli, wana hoja: wenye pesa wa mbali wakinunua kila msitu kwa ajili ya pembe, kijana wa pale atawinda wapi?

Usisononeke lakini, kuna mahali usipobaguliwa. Kodi ya ardhi hulipwa kwa awamu mbili, Septemba na Machi, bila droo wala pointi, na mtu wa Chicago hukubaliwa mara ya kwanza tu anapojitokeza.