Namna ya Kumchakaza Shujaa wa Miaka Saba kwa Dawa ya Meno

Helmeti ya Boba Fett inayouzwa Marekani msimu wa Halloween hutoka kwenye boksi iking'aa kama sahani mpya ya plastiki. Aibu iliyoje! Huyu ni mwindaji wa watu kwa malipo katika sinema za Star Wars. Amepigwa, ameangushwa, amelala kwenye vumbi la sayari za mbali. Mtoto wa miaka saba anayajua hayo yote kuliko wazazi wake. Ukimvalisha plastiki mpya jioni ya tarehe 31 Oktoba, watoto wanapopita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, umemtoa mtaani akiwa kuruta ambaye hajaviona vita. Kazi ya mzazi hapa ni kuharibu mali aliyoinunua kwa pesa yake, na kuiharibu vizuri.

Asikutishe mtu kwamba unachezea. Deraya ya Boba Fett mwenyewe ilianza ikiwa nyeupe tupu, toka utosini hadi miguuni. Wasanii wa sinema hizo, Ralph McQuarrie na Joe Johnston, ndio walioibuni, na Johnston akaipaka rangi na kuipa makovu yake: kijani kilichobanduka, wekundu uliofifia, kibonyeo kwenye helmeti juu ya kioo. Septemba 1978 vazi hilo lilitembezwa kwenye gwaride mjini San Anselmo, California, karibu miaka miwili kabla ya sinema ya The Empire Strikes Back kuonyeshwa. George Lucas, muundaji wa Star Wars, alitaka ulimwengu wake uonekane umetumika na watu, wenye masizi na mikwaruzo, na ndiyo sababu watazamaji wakauamini.

Sasa, kabla hujagusa msasa, mwite mwenye deraya. Mkalishe, chukua kalamu, umhoji. Ulipigana na nani? Alikupiga wapi? Ulianguka kutoka juu ya nini? Andika kila jibu. Akikwambia, "Baba, hapa begani joka liliniuma," basi begani patoke alama za meno, na ziwe na nafasi ya taya la joka. Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, na ndiyo maana deraya nyingi za nyumbani zina mikwaruzo isiyosema lolote. Kila kovu liwe na kisa chake, na mwenye kisa ni mtoto.

Osha plastiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana vitu vya kiwandani huja na utelezi unaokataa rangi. Ziba kioo cha mbele kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi. Sugua uso wote kwa msasa laini, namba 400 hivi, hadi mng'ao ufe. Futa vumbi, kisha pulizia praima ya plastiki ukiwa nje, na barakoa usoni, kopo likiwa umbali wa sentimita 25 au 30. Pulizia mara mbili nyepesi. Anayetaka kumaliza kwa mkupuo mmoja ataona rangi ikichuruzika. Praima ikikauka, pulizia rangi ya fedha kote. Hicho ndicho chuma chetu. Kiache kikauke siku nzima.

Halafu leta dawa ya meno. Iwe ile nyeupe ya kawaida, isiwe ya jeli. Chovya kipande cha sponji kilichonyofolewa vibaya, gonga kwanza kwenye karatasi ili ipungue, kisha gusagusa pale tu unapotaka chuma kionekane. Mikwaruzo mirefu ichore kwa ncha ya kijiti cha meno. Pulizia kijani juu ya kila kitu, tena kwa tabaka nyembamba. Kijani kikishaacha kunata mkononi, chukua kitambaa chenye unyevu na usugue polepole palepale ulipoweka dawa. Dawa inalegea, inaondoka na kijani chake, na chini yake fedha inachungulia yenye kingo za kuchanika, kama chuma kilichobanduka rangi kweli. Mwite mtoto asugue mwenyewe. Nasema hivi kwa dhati: usimnyime dakika hiyo, kwa sababu hapo ndipo anapoliona kovu la joka likitokea chini ya kidole chake.

Mahali pa kuchubua huamuliwa na matumizi. Helmeti huchakaa kileleni na kwenye ukingo wa chini, ndiko inakoshikwa na ndiko inakokalia ikiwekwa chini. Kifuani huchakaa pale mkanda wa bunduki unapopita. Magotini huchakaa sana, maana mwindaji hupiga goti. Mashimoni na kwenye mifereji rangi hubaki nzima ila hujaa uchafu. Uchafu huo utengeneze kwa akriliki nyeusi na ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi: paka sehemu ndogo, futa mara moja kwa kitambaa, acha kilichonasa kwenye kona. Michirizi ishuke kuelekea chini jinsi mvua inavyoshuka mtu akiwa amesimama. Nimeona michirizi inayokwenda pembeni, na macho huikataa kabla akili haijajua kwa nini.

Kosa kubwa kuliko yote ni usawa. Mikwaruzo iliyopangwa kwa nafasi sawa, bega la kushoto likifanana na la kulia, huua kazi nzima. Vita havipigi kwa rula. Weka jeraha moja kubwa upande mmoja, upande wa pili uache karibu mzima. Kisha rudi nyuma mita tatu utazame, kwa kuwa majirani wataiona deraya hii usiku, kwa taa ya barazani, na alama ndogondogo hazitaonekana. Kovu lisiloonekana kutoka hapo ama lipanue ama uliache.

Malizia kwa vanishi ya maji isiyong'aa. Ndani ya helmeti usipake chochote. Hapo ni pa pua na mdomo wa mtoto. Kama baadhi ya vipande vya deraya ni vya povu jeupe la kufungashia, usivipulizie rangi ya kopo moja kwa moja, itavila. Vipake kwanza akriliki kwa brashi. Bandua utepe wa kioo, mvalishe, umtembeze ngazini na kuvuka barabara gizani ukiwa umemshika mkono. Asipoona miguu yake, legeza au toa kioo chenyewe, hata kama Boba Fett hangekubali. Mgongoni bandika utepe unaoakisi taa za magari.

Na anza mapema. Ukihesabu praima, fedha, kijani, uchafu na vanishi, kila tabaka na muda wake wa kukauka, kazi hii inakula wiki nzima, na helmeti inayonuka rangi haifai kuvaliwa na mtoto. Nunua makopo katikati ya Oktoba. Usisubiri usiku wa tarehe 30.