Ngoma ya Faraghani

Ngoma, tangu ilipowambwa ya kwanza na mwanadamu ambaye jina lake halikuhifadhiwa, ni chombo cha kuwaita watu: kwayo huitwa wacheze, kwayo huitwa wazike, kwayo huitwa waje kusikiliza amri ya jumbe, na yule aisikiaye asiinuke alipoketi, aghalabu ni mgonjwa au ana deni na wapigaji. Ndiyo sababu mpwa wangu aliponieleza, kwa taadhima zote, kwamba ataka kupiga ngoma sebuleni mwangu, na kwamba sharti la kwanza la shughuli hiyo ni asiwepo mtu, asikohoe mtu, wala asijue mtu kuwa kunapigwa ngoma, nilimtazama usoni kitambo kizuri nikitafuta dalili za homa.

Yapasa nieleze, kwa faida ya wasomaji wa nchi ambako watoto huhesabiwa kwa baba, kwamba sisi Waluguru, na jirani zetu Wakutu vile vile, twahesabu ukoo kwa mama, na kwa hiyo mtoto wa dada hakuombi nyumba, bali hukuarifu. Mpwa huyu ana bendi yake mjini Morogoro, na huko mjini, kwa maelezo yake, hapana kimya hata cha kutosha kurekodi mtu anayelala, kwa pikipiki, mabaa, na mwenye nyumba aliyemkataza asiguse chochote chenye sauti. Bali Kisaki, kijijini kwangu, akasema, kuna utulivu. Nilinyamaza. Siku ya pili yake akawasili na dramu kamili iliyofumuliwa vipande vipande na kutiwa katika magunia: ngoma kubwa ya besi ipigwayo kwa mguu, kingoma chembamba kiitwacho sneya chenye nyuzi za chuma tumboni, tomu zake, na matoazi ya shaba ambayo mama mmoja muuza wali aliyashika, akayagonga kwa ukucha, akauliza bei ya sinia.

Huo utulivu wa Kisaki wataka tafsiri. Reli ya TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 1976, yatoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, mwendo wa kilomita 1,860, na katika kilomita zote hizo wahandisi wa Kichina waliona vema kuipitisha karibu na dirisha langu. Siwalaumu, kwani dirisha nililiweka baadaye. Lakini ilibainika mara tu sneya ilipokaa juu ya kiti chake kwamba zile nyuzi za tumboni hulipokea gari moshi la mizigo kabla ya masikio ya wanadamu kulipokea. Kingoma huanza kunong'ona peke yake, bila mpigaji, kikazidi na kuzidi hadi kikaunguruma, na hapo ndipo honi husikika. Mpwa wangu akaligundua jambo hili katikati ya wimbo wa mapenzi wa taratibu.

Jioni ile ya kwanza alinifundisha elimu ya vipaza sauti, ambavyo vijana huviita maiki. Kimoja, akasema, huingizwa ndani ya tumbo la besi. Kingine huinamishwa vidole viwili juu ya ukingo wa sneya, mbali na mkono wa mpigaji. Viwili huning'inizwa juu ya kichwa chake ili vichukue matoazi na jumla ya mambo. Nikamkumbusha kwamba Hugh Tracey alipoizunguka Tanganyika mwaka 1950 akinasa ngoma za makabila, alikuwa akikishika kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe, akikisogeza kwa mwimbaji na kukirudisha kwa mpigaji kwa kadiri ya haja. Na kwamba bendi za mji wetu, Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya akina Mbaraka Mwinshehe, zilirekodi kwa vipaza sauti vichache, na kanuni ikawa moja tu, kwamba atakaye kusikika asogee, na apigaye kwa nguvu arudi nyuma. Kwa adabu hiyo hiyo Morogoro Jazz ilifika Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970. "Kweli mjomba," akajibu kijana, "lakini siku hizi mpiga dramu harudi nyuma." Hili nimelishuhudia.

Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma na paa la bati, nayo kwa mwenye kurekodi dramu ni balaa mara mbili, kwani ukuta mgumu huirudisha sauti kama ilivyokwenda, na bati huiongezea maoni yake. Dawa ya hayo ni vitu laini. Magodoro yote yakang'olewa vitandani yakasimamishwa kuzunguka sebule, kanga zikatundikwa, magunia ya mpunga yakapangwa pembeni, na blanketi la wageni, ambalo mke wangu hakunifunikia hata nilipougua, likakunjwa na kushindiliwa ndani ya besi ili isivume kupita kiasi. Mkaza mjomba huyo akasimama mlangoni, akaitazama nyumba yake ilivyovuliwa, akauliza kwa upole wenye kutisha iwapo wageni wakija watalazwa ndani ya ngoma.

Madirisha nayo yakafungwa, katika bonde hili la chini ya Uluguru ambako joto la mchana si habari bali ni mwenyeji. Baada ya wimbo mmoja mikwiro ilikuwa ikimteleza kijana mikononi kwa jasho, na mmoja ukaruka ukapita juu ya magodoro ukaingia katika mtungi wa maji, sauti ambayo ilinaswa kwa ufasaha wa ajabu. Fauka ya hayo, bati likipata jua hutanuka, na likitanuka hulia ta! ta! juu ya misumari yake, pasipo kufuata mahadhi yoyote. Na vile vipaza sauti vya juu, vilivyofungwa kwenye mianzi iliyolazwa katika kenchi, vilikuwa karibu na bati kuliko karibu na dramu.

Vya chini navyo vilikosa miguu ya kutosha. Kwa upungufu huo mchi ulisimamishwa ndani ya kinu, ukabanwa kwa matambara, na kipaza sauti cha sneya kikafungwa juu yake kwa kamba, kazi safi ambayo fundi yeyote angeisifu. Lakini mchi una mwenyewe. Mke wangu, wimbo ukiwa umepamba moto na mpwa wake amefumba macho, aliingia kwa nyayo za staha ili asiharibu shughuli, akakifungua kipaza sauti taratibu, akakiweka kwenye dirisha dogo la jikoni kwa kuwa ndiko waya ulikofika, akaondoka na mchi na kinu. Tulipousikiliza wimbo ule, sneya haikuwamo. Badala yake kulikuwa na kisamvu kikitwangwa, wazi, kizito, bila mwangwi, na kijana mwenyewe akakiri kwamba hiyo ndiyo sauti pekee ya siku ile isiyokuwa na kasoro.

Fitina kubwa zaidi ilitoka kwa vile viwili vya juu. Kimoja kikisikilizwa peke yake, besi ilikuwa nene; cha pili kikisikilizwa peke yake, besi ilikuwa nene; vikiunganishwa, besi ilikonda ikawa ya kugonga boksi. Sababu yake, nilivyoelezwa, ni kwamba sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, basi kipaza sauti kilicho mbali zaidi kwa mita moja huipata habari ile ile kwa kuchelewa sehemu tatu za elfu za sekunde, na mawimbi mawili ya sauti moja yakikutana moja linapanda na jingine linashuka, hufutana. Dawa ni kupima kwa kamba, kutoka katikati ya sneya hadi kila kipaza sauti, mpaka umbali uwe sawa. Nikamwambia kwamba jambo hili Kisaki si geni. Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza akimfukuza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kuelekea kusini, vikosi viwili vya Afrika Kusini vililetwa hapa kwa njia mbili, kila kimoja hakina habari za mwenziwe. Cha kwanza kikapigana Septemba 7, kikarudishwa. Cha pili kikatokea Septemba 8, nacho kikarudishwa. Wangalipima kwa kamba, Wajerumani wasingalipata wasaa wa kuvipokea kimoja kimoja. Mpwa wangu alilipenda sana simulizi hili, na tangu hapo kipaza sauti cha kushoto akakiita Smuts.

Sasa nifikie habari ya mzee jirani, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyeshika ngoma kubwa katika sherehe za huku, na ambaye alifika siku ya kwanza kabisa kwa sababu alisikia ngoma, hoja ambayo hakuona haja ya kuitetea. Alikaa juu ya gunia la mpunga akasikiliza, mkono shavuni. Halafu akaigonga tomu kubwa kwa vidole, akatikisa kichwa, akasema: "Imelala hii. Haijaota moto." Na kwa ngozi alisema haki, maana ngozi hunywa unyevu wa hewa ikalegea, na moto ndio uitoao maji ikakaza na kulia. Lakini wambo la dramu za leo ni la plastiki, nalo ndivyo lilivyo tangu miaka ya 1950. Kijana alipotoka kwenda dukani kutafuta betri, mzee alikwisha koka moto wa mabua uani na kuiinamisha tomu mbele yake kwa ustadi wa umri mzima, akiizungusha, akiigonga, akiizungusha. Wambo likavimba kidogo, likang'aa, likatoboka. Mzee akalinusa, akatoa hukumu kwamba ngozi ile ilikuwa ya mnyama mgonjwa.

Hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Magharibi haijaingia, alirudi na ngozi ya mbuzi wake mwenyewe, akaiparua, akailowesha, akaiwamba juu ya tomu na kuikaza kwa pete ile ile ya chuma na funguo zake, na ilipokauka ilitoa sauti ambayo mpwa wangu aliisikiliza akiwa amesimama, kwa heshima. Ila ngozi ni ngozi. Asubuhi, umande wa Mto Mgeta ukiwa bado hewani, tomu ilisema jambo moja. Adhuhuri ilisema jambo jingine kabisa. Na nusu ya wimbo iliyorekodiwa kabla ya chai haikukubali kuungana na nusu iliyorekodiwa baada ya chakula. Likawa halina budi shauri la kuchagua saa moja ya siku na kushikamana nayo, na saa hiyo, baada ya kuondoa saa za gari moshi, za mashine ya kusaga, za bati kulia, za watoto kutoka shule, na za mchi, ikabaki kuwa usiku wa manane.

Hapo ndipo ningalipaswa kusema neno, ila nililetewa shauri nikiwa usingizini juu ya mkeka. Kijiji chetu kimepakana na hifadhi ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Selous, na tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mazao yakikaribia kukomaa, tembo huja usiku mashambani, na silaha ya mkulima ni moshi wa pilipili, kurunzi, na makelele ya debe na ngoma. Kwa hiyo mtu wa Kisaki aisikiaye ngoma usiku wa manane hana haja ya kuuliza maana yake. Mpwa wangu akaanza. Besi ikalia, sneya ikajibu, ile tomu ya mbuzi ikanguruma. Kabla ubeti wa pili haujaisha kijiji kilikuwa nje. Nusu walikimbilia mashambani wakipiga madebe, na nusu wakaja kwangu, ambako ndiko kulikokuwa na makelele makubwa zaidi, na kwa hiyo, kwa hesabu ya kawaida, tembo wakubwa zaidi.

Mwenyekiti wa kitongoji aliingia na kurunzi akamulika magodoro.

"Mwalimu, wako wangapi?"

"Hakuna hata mmoja."

"Sasa mnapiga nini?"

"Tunarekodi."

Akafikiri. "Mnarekodi tembo?"

Baada ya maelezo marefu, ambayo watu wenye kushika madebe saa nane ya usiku hawakuyapokea kwa furaha, kulipatikana suluhu: usiku ule mmoja utaruhusiwa, ila awekwe kijana barabarani wa kuwajulisha watakaotoka nje wasihangaike. Kijana akawekwa, mwenye mapafu mazuri. Na hivi ndivyo wimbo ulivyo hata leo: besi imenona, Smuts na mwenziwe wamefika kwa wakati mmoja, bati limenyamaza, na kwa mbali, kila sauti ya toazi ikififia, mtu anaita, "Si tembo! Si tembo jamani!"

Mpwa wangu ameurudisha mjini, na mtayarishaji wa huko amemwambia kwamba neno hilo haliondoki bila kuondoa matoazi. Lakini mashaka yangu ni mengine. Mzee jirani alipopata habari kwamba wimbo utapigwa redioni, alikuja barazani asubuhi, akapokea shikamoo za kila mtu, akauliza ni kiasi gani atakachopata kila ngozi yake itakaposikika. Mpwa wangu akamweleza kwa adabu, "Babu, kuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999," kwamba sheria hiyo yamtaja mtunzi, mwimbaji na mtayarishaji, na kwamba mwenye mbuzi hamo. Mzee akasema sheria hiyo ilitungwa na watu waliokuwa na ngoma za plastiki. Ametupa nafasi mbili: alipwe, au arudishiwe ngozi pamoja na sauti yote iliyokwisha kutoka ndani yake. Shauri limeahirishwa hadi mpunga uvunwe, na magodoro, kwa amri ya mkaza mjomba, yamerudi vitandani.