Kilo 250 Bila Kumhesabu Shangazi

Kibondo hakuna safari ya siri. Ukiosha gari jioni, majirani wanajua kesho haupo. Ukipima oili, wanajua unakwenda mbali. Ukionekana kwenye kijiwe cha upepo, hadi watu wa Biturana wanaanza kufunga vifurushi. Shemeji yangu, mwenye Probox nyeupe iliyogeuka rangi ya vumbi, aliaga watu wachache tu kwamba tunakwenda Kasulu kumpelekea mahari binti mmoja wa Murubona kwa niaba ya kijana wetu. Kulipokaribia kucha, uani palikuwa na gunia la maharage, mikungu mitatu ya ndizi, ndoo ya asali, vifurushi vya watoto wa watu wanaosoma chuo cha ualimu Kasulu, beberu mmoja mwenye hasira, na Shangazi.

Kwetu Buha gari likiondoka lina nafasi ni matusi. Mwenye gari hapakii, anapakiwa. Kazi yake ni kusimama pembeni na funguo mkononi akisema "haya, sawa, leteni," huku springi za nyuma zikiinama kidogokidogo.

Shemeji ni mwalimu wa hisabati, naye alijaribu kuzuia maafa kwa karatasi. Probox ilianza kutengenezwa Japani mwaka 2002 kwa ajili ya watu wa maofisini wanaosambaza bidhaa, na walioitengeneza hawakuacha mambo yaende kwa hisia: ile ya mizigo inabeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watu watano. Sisi tulikuwa watano: shemeji, Shangazi, mzee mshenga, binamu yangu aliyewahi kuwa konda, na mimi.

"Kilo 250," shemeji alisoma.

"Na mimi nimo kwenye hizo kilo?" Shangazi akauliza.

Shemeji akaeleza, kwa adabu zote, kwamba abiria wanahesabiwa kando, na kwamba kule Japani mtu mmoja anakadiriwa kilo 55. Palikuwa kimya. Shangazi hajawahi kuwa kilo 55 tangu aache shule, na ni jambo analojivunia. Mshenga akakohoa. Hesabu ikaendelea bila kumgusa mtu.

Gunia lilitakiwa kuwa kilo 100, ambazo ndizo mwisho wa sheria kwa gunia la mazao, lakini hili lilishonewa kilemba juu. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele juu ya lumbesa miaka nenda rudi, na lumbesa zenyewe zinazidi kunenepa. Ndoo ya asali ndiyo iliyonishangaza. Watu wanadhani lita 20 ni lita 20. Kumbe dumu la mawese la lita 20 ni kilo 18 hivi, na asali ya ujazo uleule inafika 28. Ukiongeza ndizi, beberu na vifurushi ambavyo kila mwenye kimoja aliapa ni "cha mkononi tu", zile kilo 250 tulizimaliza kabla Shangazi hajatoa begi lake. Mizani ya barabarani haikuwa tishio. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inawahusu wenye magari yanayozidi kilo 3,500. Sisi wa Probox tumeachiwa dhamira zetu.

Kisha ukaja ugomvi wa kupanga. Mimi nilisema mzigo mzito ukae chini kabisa, ubanwe mgongoni mwa kiti cha nyuma, vyepesi vifuate. Uzito ukipita nyuma ya ekseli, mkia unashuka, pua inainuka, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unaanza kujibu kwa kuchelewa. Binamu alinisikiliza kwa huruma. Yeye ana nadharia yake ya enzi za ukonda: mzigo mzito unawekwa mwisho kabisa, kwa sababu ukiwa nyuma unalisukuma gari.

"Kwenye mlima je?" mshenga akauliza.

"Kwenye mlima ndiyo unasukuma zaidi, mzee."

Aliyeamua ni Shangazi, na aliamua kwa vigezo vya usafi: asali isikae karibu na mbuzi, mbuzi asikae karibu na maharage, na mbuzi apate dirisha. Mbuzi akapewa kona ya kulia. Gunia likaenda nyuma kushoto, mkiani, kama binamu alivyotaka. Mikungu ikapanda kwenye keria na kufungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, na vifurushi vikatupwa juu ya kila kitu bila kufungwa, kwa kuwa vilikuwa "vidogo".

Kijiwe cha upepo kilikuwa kituo cha mwisho. Fundi pancha alizunguka gari akiyapiga matairi kofi na kuyabonyeza kwa kidole gumba, kama mama anayechagua parachichi sokoni. "Upepo upo," akatangaza. Shemeji akatoa geji yake. Tairi la nyuma kushoto likasoma 22.

"Hiyo geji yako ina njaa," fundi akasema, akaleta yake. Yake ikasoma 40. Dereva wa lori aliyekuwa akisubiri zamu akatukopesha ya tatu, ikasoma 29. Nimeona vikao vya ukoo vikikaribia kuvunjika kwa tofauti ndogo kuliko hizo.

Shemeji akafungua mlango wa dereva kuonyesha kibandiko kilichoko kwenye nguzo. Maandishi yote ni ya Kijapani, lakini namba ni namba. Tatizo ni kwamba wenzetu wanapima kwa kilopaskali, na fundi wetu anapima kwa paundi. Alipoona tarakimu za mamia akarudi hatua mbili. "Mwalimu, nikijaza mia mbili na kitu, tutakuokota Burundi." Shemeji akapata alichokipenda, darasa. Gawa kwa 6.9, akaeleza, ukiona 230, hiyo ni kama paundi 33. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa sababu likishatembea linapata joto na geji inapanda, na anayepunguza upepo njiani kwa kuona "umezidi" atakuta tairi limelegea likipoa. Gari likipakiwa, hasa nyuma, linahitaji upepo zaidi. Hakukomea hapo. Kibondo iko juu, akasema, na Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukitoka huku ukashuka hadi ziwani, hewa ya nje inakuwa nzito zaidi, na geji itasoma pungufu karibu paundi moja hata kama tairi halivuji.

Fundi alitafakari. "Kwa hiyo upepo wangu unaliwa na watu wa Kigoma."

Wakati mwalimu akitafuta namna ya kulijibu hilo, foleni ilikuwa ndefu, Shangazi alikuwa akipiga honi, na tairi la nyuma kushoto lilipewa pumzi mbili za heshima tu. Ikaonekana imetosha.

Zamani barabara ya Kibondo hadi Kasulu ilikuwa polisi wa kutosha. Ule udongo mwekundu na mashimo yake haukumruhusu mtu kukimbia. Ulikwenda polepole utake usitake, na tairi bovu lilikufa taratibu ukiwa mwendo wa kutembea na jogoo. Halafu ikaja lami, ule mradi wa kutoka Kabingo hadi Manyovu uliokopewa fedha Benki ya Maendeleo ya Afrika, wakandarasi wakagawana vipande: Njiapanda ya Nduta hadi Mvugwe kilomita 59 na ushei, Mvugwe hadi Njiapanda ya Kanyani kilomita 70 na nusu. Ni neema kubwa, na siwezi kuisema vibaya. Lakini lami inampa dereva mwendo bila kumuuliza tairi. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa linajikunja ubavuni kila linapozunguka, kujikunja huko kunazaa joto, na nyuzi za ndani zinaanza kuachana na mpira. Kwenye 40 kwa saa unaweza usijue. Kwenye 100 utajua.

Tuliondoka bado giza. Kwa kuwa mkia ulikuwa chini, taa zilimulika vilele vya miti, na bundi wa wilaya nzima walipata mwanga wa kutosha kusoma. Malori yaliyokuja mbele yetu yalituwashia taa kwa hasira. Shemeji, mtu mwema, alidhani wanamtahadharisha kuwa trafiki wako mbele, akafunga mkanda vizuri, akashusha mwendo hadi 50, akamshukuru kila mmoja kwa honi fupi. Hivi ndivyo tulivyoheshimu sheria hadi kulipokucha, kisha akaanza kufidia muda.

Karibu na Mvugwe ng'ombe walivuka. Shemeji alishika breki, gari likasimama, mzigo ukaendelea na safari. Kilichofungwa kilibaki. Kifurushi cha mwanafunzi mmoja kilipita kati ya sikio langu na la mshenga, kikatua kwenye dashibodi na kupasuka: karanga, sabuni mbili, na barua. Karanga tulizila. Sabuni na barua vilifika salama.

Harufu ya mpira ilianza kabla ya Makere. Binamu akasema ni lori la mbele. Tukalipita lori, harufu ikaja nasi. Akasema basi ni mashamba, wanachoma. Kisha nyuma kushoto pakaanza kupiga makofi, na gari likaegemea upande wa gunia.

Kuna jambo wapangaji wa mizigo hawalifikirii: jeki, spana na tairi la akiba vinakaa chini ya kila kitu. Ile pembetatu nyekundu ya kuwaonya madereva wengine nayo ilikuwa huko huko, chini ya maharage. Binamu akakata matawi akayapanga barabarani, kama madereva wetu wanavyofanya tangu enzi. Tukamteremsha beberu tukamfunga kwenye kichaka, tukaanza kushusha gunia, asali, mabegi, mali yote ya ukoo ikaanikwa kando ya barabara mbele ya kadamnasi iliyotokea kusikojulikana. Mama mmoja aliuliza bei ya ndizi. Nilipogeuka kutazama alama zetu za tahadhari, beberu alikuwa amejifungua kamba na ameshakula mbili, anamalizia ya tatu.

Tulilegeza nati kabla ya kuinua gari, hilo binamu alilijua vizuri. Jeki ikazama kwenye udongo laini wa ukingoni. Ilihitaji ubao. Ubao pekee uliokuwepo ulikuwa wa kukatia nyama, mpya, umechongwa kwa ajili ya nyumba ya maharusi watarajiwa. Shangazi alitazama pembeni tukiufanyia tuliyoufanyia. Tairi la akiba lilipotoka, lilibonyea kama limekaa msibani. Geji ya shemeji, ile yenye njaa, ikasoma 9. Nikapanda nalo bodaboda hadi Makere, nikiwa nimelikumbatia kifuani, na fundi wa huko alipolijaza aliuliza swali moja tu: gari lina watu wangapi? Nikamwambia watano na beberu. Akaongeza upepo bila kutazama geji.

Murubona walitupokea vizuri. Mahari ilihesabiwa, beberu akasifiwa kwa tumbo lake zuri, na mama wa binti akauliza kwa upole alama ya duara kwenye ubao wa nyama maana yake nini. Mshenga, ambaye hakulipwa bure, akasema ni chapa ya fundi.

Wakati wa kuaga, shemeji aliona vijana wakitoka nyuma ya nyumba na madumu ya mawese. Akamwahi baba mkwe, karatasi mkononi.

"Baba, shikamoo tena. Gari hili ni kilo 250 likiwa na watu watano."

"Marahaba. Mlikuja na mbuzi?"

"Ndiyo, baba."

"Na gunia la maharage? Na asali? Na ndizi?"

"Ndiyo."

"Vyote vimeshuka?"

"Vimeshuka, baba."

Mzee akawageukia vijana. "Pakieni."

Shangazi, aliyekuwa ameshakaa mbele na mkanda umefungwa, akashusha kioo. "Na lile gunia la tangawizi msilisahau, wanangu. Nyuma kushoto pana nafasi."