Sala Inauzwa

Mimi niliyefundishwa kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu, nikaamini tangu utotoni kwamba silabi isiyokoma kwa irabu ni kama mlango usio na komeo, nilipofika Leiden nilikutana na Waholanzi, kaumu waungwana katika kila jambo ila moja: huyaunga maneno mawili, matatu, hata manne, aghalabu bila nafasi wala kistari, kisha humwachia mgeni kazi ya kutafuta kiungo.

Siku moja, dirishani mwa duka la vyombo vikuukuu, niliona kibao kimeandikwa massagebed te koop. Te koop nilikuwa nikiijua, maana yake "inauzwa". Neno la kwanza nikalikata kwa desturi ya kwetu, massa-gebed, yaani halaiki na sala, na ile g nikaitoa kooni kama ghaini ya msomaji wa tajwidi. Sala ya jamaa inauzwa! Nikaleta istighfari, nikaingia, nikamwuliza mwenye duka, kwa adabu lakini bila tabasamu, kama bei ni ya mtu mmoja au ya safu nzima. Yule mzee akanitazama, akanipeleka nyuma ya makabati, akanionyesha kitanda chembamba chenye tundu la kutumbukizia uso.

"Hiki, bwana, hulala mmoja mmoja."

Kumbe ni massage-bed, kitanda cha kukandia watu, na ile g hutamkwa Kifaransa.

Mwalimu wangu, alipokwisha kufuta machozi ya kicheko, alinipa kanuni: usikate upesi, livute neno la kwanza hadi mwisho wa urefu wake. Nikaishika kama hirizi.

Majuma mawili baadaye jirani wa ghorofa ya juu, bibi mmoja mjane tuliyeahidiana naye chai, alinipenyezea karatasi chini ya mlango: hawezi kuja, dijkramp. Nikalivuta nilivyoagizwa. Dijk, tuta la kuzuia bahari, ramp, maafa. Na katika nchi ambayo maji yalivunja matuta usiku wa kuamkia 1 Februari 1953 yakaua watu 1,836, habari hiyo haipokelewi na mtu aliyeshika buli. Nilichukua pasipoti, kanzu ya Idi na nusu mkate, nikapanda mbio hadi darini, nikaketi juu ya sanduku nikitega sikio kwa bahari.

Badala yake nikasikia mtu anachechemea ngazini. Alikuwa bibi yule, mkono pajani, amekuja kuuliza kishindo kile juu ya kichwa chake ni cha nini.

"Dij," akanieleza akijikanda, "ni hapa. Na kramp ndiyo inayonikaza tangu asubuhi."

Nikamwachia sanduku akae, tukagawana mkate.