Pedali Inayojiuza Dukani

Solo inapofika, mpiga gitaa hukanyaga pedali, hufumba macho, huinua kidevu, kisha hutoweka. Mwili unabaki palepale jukwaani, taa nyekundu ya pedali inawaka, vidole vinapanda na kushuka. Kilichotoweka ni sauti. Ngoma zinasikika. Besi inasikika. Kinanda kinasikika, na hata mhudumu anayeuliza nani aliagiza mishikaki anasikika hadi meza ya nyuma. Gitaa limegeuka mvumo, kitu fulani kati ya jenereta na mvua juu ya bati, na wasikilizaji wanamtazama kijana wa watu akikunja uso bila kujua anaugua nini. Mpiga kinanda, kwa huruma, anajazia pengo. Fundi mitambo anaangalia simu yake. Linalochoma zaidi ni kwamba pedali hiyohiyo, chumbani, ilikuwa inanguruma hadi majirani wakagonga ukuta. Aibu hii si ya mtu mmoja. Jumamosi ijayo itampata mwingine, ukumbi mwingine, kwa sababu ileile.

Wenye bendi husema sababu ni vidole. Wenye maduka husema sababu ni bei: ulinunua ya rahisi, nunua ya ghali. Wote wawili wanakosea. Pedali ya ovadraivu au distoshoni inayopendeza mno ikipigwa peke yake ndiyo itakayomsaliti mpigaji akiwa na wenzake, na ile itakayomwokoa jukwaani, dukani husikika nyembamba, kavu, ya puani kama mtu mwenye mafua. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walikuwa sahihi kwa mengi, ila hawakuwahi kununua pedali.

Tuangalie kinachotendeka ndani ya kile kiboksi, maana ni cha ajabu kuliko sauti yake. Gitaa hutoa umeme mdogo mno: ukipiga kwa upole ni makumi ya milivolti, ukipiga kwa hasira ni mamia. Pedali huukuza umeme huo kupita kiasi, kisha huukutanisha na diodi mbili zilizoelekezwa kinyume. Diodi ya silikoni ina tabia moja: chini ya takriban volti 0.6 inajifanya haipo. Juu ya hapo inafungua njia na umeme unapita. Kwa hiyo wimbi lililokuwa na kilima na bonde linakatwa kichwa juu na chini. Na wimbi likikatwa kichwa namna hiyo huzaa sauti ambazo mpigaji hakuzipiga: masafa mara tatu ya noti yake, mara tano, mara saba, na kuendelea kupanda. Hizo ndizo tunazoziita uchafu. Unapiga uzi mmoja, na diodi mbili za bei ya pipi zinakupa kundi zima la noti. Hata anayechukia roki anapaswa kukiri kwamba hapo pana uchawi kidogo.

Lakini uchawi una malipo, na malipo yenyewe hayaonekani chumbani. Vichwa vya mawimbi vinapokatwa, kinachopotea ni tofauti kati ya kupiga kwa upole na kupiga kwa nguvu. Noti zote zinalingana kimo, na ule mgongano mfupi wa kucha au piki na uzi, ambao sikio hutumia kutambua kwamba noti mpya imeanza, unazama. Ngoma hazina shida hiyo. Ngoma ni mgongano mtupu. Mpigaji aliyezungusha kitufe cha uchafu hadi mwisho amejivua silaha yake mwenyewe, halafu anashangaa kwa nini mpiga ngoma anamshinda.

Malipo ya pili yanadaiwa na sikio lenyewe. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara ya Bell huko Marekani, walionyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio husikia vibaya zile za chini kabisa, na za juu kabisa pia hufifia kuliko za kati. Sasa mfikirie mpigaji chumbani usiku, amplifaya ameifungua kidogo tu ili watu walale. Besi haisikii vizuri, anaiongeza. Ukali hausikii vizuri, anauongeza. Zile za kati zinamkera, anazipunguza. Anapata sauti nzito, pana, ya kisinema, analala akiwa na furaha. Ukumbini amplifaya inafunguliwa kweli. Sauti za chini zinafura na kumkuta mpiga besi amekwisha kukaa hapo tangu saa mbili: uzi wa chini kabisa wa gitaa ni hezi 82, wa besi ni hezi 41, na oktava moja haitoshi kuzuia ugomvi. Sauti za juu zinakutana na matoazi, na toazi halijawahi kumpisha mtu. Eneo la kati, mahali pekee palipobaki wazi kwa ajili ya gitaa, amelifuta yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Ndiyo maana ile pedali ndogo ya kijani ya Ibanez, Tube Screamer, imedumu tangu mwaka 1979. Ilitengenezwa Japani na kampuni ya Maxon, na mbunifu wake ni Susumu Tamura. Ukiisikiliza peke yake utauliza watu wanaipendea nini. Saketi yake hukuza zaidi sauti zilizo juu ya hezi 720 hivi, na za chini ya hapo inazikuza kidogo na kidogo zaidi, kwa hiyo besi haichafuki. Kisha filta ya mbele inapunguza ukali wa juu, tena kuanzia karibu na hezi hizohizo 720. Kinachobaki ni kilima katikati. Diodi zake hazikuunganishwa na ethi kama katika Boss DS-1 ya rangi ya chungwa au RAT ya ProCo, ambazo zote zilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Za Tube Screamer zimewekwa kwenye njia ya kurudi ya chipu inayokuza, na kwa mpangilio huo sauti safi ya gitaa hupita pamoja na ile iliyokatwa kichwa. Mgongano wa piki unabaki. Kitu kingine wachache hukitilia maanani: kitufe cha uchafu ukikirudisha hadi sifuri, saketi bado inakuza kama mara 12, ukikipeleka mwisho, inafika karibu mara 118. Sifuri yake si sifuri. Anayeanzia katikati tayari amevuka mipaka. Alikusudia au hakukusudia, Tamura aliunda pedali inayojua kwamba mpiga besi yupo.

Hapa mtu ataniletea Kurt Cobain. DS-1 ina shimo katikati ya sauti zake, na Cobain aliitumia, na dunia nzima ilimsikia. Kweli. Ila Nirvana, bendi yake, kwa sehemu kubwa ya maisha yao walikuwa watatu. Hapakuwa na kinanda, hapakuwa na tarumbeta, hapakuwa na gitaa la pili likidai nafasi ileile. Katika bendi ya watu watatu unaweza kuchimba shimo katikati na bado ukabaki na kiwanja. Mwingine ataniletea Waswidi wa Entombed, ambao katika albamu ya mwaka 1990, Left Hand Path, walisifika kwa kutumia Boss HM-2 vitufe vyote vinne vikiwa mwisho wa kulia. Huo nao ni ushahidi wa upande wangu. Kitufe cha HM-2 kinachodai kuongeza sauti za juu, kwa kweli huinua sana za kati za juu, zilezile ambazo mtu wa chumbani huzifuta. Ule mngurumo wa msumeno hausikiki kwa sababu ni mchafu. Unasikika kwa sababu umekaa mahali penye nafasi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mwimbaji, kwamba eneo la kati ni lake. Ni kweli, na pedali haimnyang'anyi akiwa amenyamaza. Ovadraivu ni kitu cha solo, na solo huja mwimbaji anapokunywa maji. Anayeikanyaga tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho hana tatizo la kifaa, ana tatizo la adabu.

Kwa wapigaji wa dansi na rumba kuna sababu nyingine ya kuuacha mguu utulie, nayo ni hesabu. Noti mbili zikikatwa kichwa kwa pamoja, na mkato usipolingana kabisa juu na chini, huzaa pia noti ambayo masafa yake ni tofauti ya zile mbili. Piga A ya hezi 220 na E ya 330: tofauti ni 110, ambayo ni A ileile oktava moja chini, na ndiyo maana kordi tupu za roki husikika nene na za kuridhisha. Sasa piga A hiyohiyo na C kali, hezi 277. Tofauti ni 57, na 57 haimo kwenye shingo ya gitaa. Imeangukia kati ya A na noti inayofuata, haina kwao. Gitaa za Kikongo, na za dansi zilizojifunza kwazo, hupenda sana kutembea kwa noti mbili zilizoachana kwa umbali wa tatu au wa sita kwenye ngazi ya muziki, na kila hatua hapo ingezaa mtoto asiye na ukoo. Sebene, ile sehemu ya wimbo inayoachiwa magitaa, imejengwa kwa gitaa safi zinazopokezana. Ukizichafua, nyuzi zote zinakuwa uji. Atakayenikumbusha kwamba bendi ya WITCH ya Zambia ilitumia fazi, uchafu mkali kuliko wote, miaka ya 1970 nitamjibu kwamba fazi hukaa vizuri zaidi kwenye noti mojamoja, na noti moja haina wa kugombana naye.

Je, fundi mitambo hawezi kurekebisha? Hawezi. Anaweza kuongeza sauti za kati zilizopo, hawezi kuongeza zilizoachwa nyumbani, na kichwa cha wimbi kilichokatwa hakishonwi na mtu. Akipandisha gitaa zima, atapandisha mvumo mzima. Afadhali aangalie simu.

Kinachogeuza kicheko kuwa hasira ni jinsi biashara hii inavyoendeshwa. Karibu kila onyesho la pedali ni mtu mmoja, gitaa moja, chumba kimya, bila ngoma wala besi, yaani mazingira pekee ambamo kasoro haiwezi kuonekana. Kisha mnunuzi akiaibika anaambiwa hajafika ngazi, aongeze pesa. Chipu ya 4558 iliyomo ndani ya Tube Screamer ni chipu ya kawaida kabisa, iliyotengenezwa kwa wingi kwa vifaa vya kila aina vya nyumbani, lakini ikiwa na alama za miaka ya mwanzo ya pedali hiyo huuzwa kwa maneno ya hirizi. Klon Centaur, iliyotoka Marekani mwaka 1994, mtengenezaji wake aliifunika saketi kwa gundi nyeusi ngumu ili isiigwe. Leo zile za kwanza huuzwa kwa maelfu ya dola. Ni pedali nzuri. Uzuri wake mkubwa ni kwamba huchanganya sauti safi na chafu, na wengi wanaoimiliki huweka uchafu karibu na sifuri. Kijana anayelipwa nauli na chakula kwa onyesho hapaswi kuaminishwa kwamba sauti yake imefungiwa ndani ya gundi ya mtu.

Aibu ndogondogo zinabaki. Betri hufa usiku kwa sababu kuchomeka waya kwenye tundu la kuingilia ndiko kunakowasha pedali, hata taa ikiwa imezimwa. Waya uking'olewa, betri inapona. Adapta yenye chanya katikati inaweza kuiua pedali inayotaka hasi. Kitufe cha filta cha RAT kinafanya kazi kinyume, ukikizungusha kulia ukali unapungua.

Ukienda kununua, basi, beba gitaa lako mwenyewe na uombe amplifaya ifunguliwe kwa kiwango cha ukumbini. Anza na uchafu karibu na sifuri na kitufe cha sauti juu, hadi pedali ikiwashwa sauti iwe kubwa kidogo kuliko ikiwa imezimwa. Na usiende peke yako: mchukue mpiga besi wa bendi yako, mlipie nauli, mwambie apige kwa nguvu zake zote wakati unajaribu. Pedali ambayo bado unaisikia hapo, hata kama ni mbaya, hata kama ni ya bei ya chini kuliko zote rafuni, nunua hiyo.